Mcheza Kwao Hutunzwa: Kisa cha Scott Frost na Nebraska

Jumapili ya tarehe 11 Septemba 2022, mkurugenzi wa michezo wa Chuo Kikuu cha Nebraska, Trev Alberts, alimwachisha kazi kocha wake wa futiboli. Fidia ya kuvunja mkataba siku hiyo ilikuwa dola milioni 15. Angevumilia hadi tarehe 1 Oktoba, ingeshuka hadi milioni 7.5. Siku ishirini tu. Hakuvumilia. Anayeziachia dola milioni 7.5 ziende kwa sababu ya wiki tatu, ama ana fedha za kuchezea, ama amefika mahali ambapo hata siku moja zaidi haivumiliki. Nebraska walikuwa wamefika kote kuwili.

Aliyefukuzwa hakuwa mgeni aliyekuja kubahatisha. Alikuwa Scott Frost, mtoto wa pale pale, kwotabeki aliyewapa ubingwa wa taifa, na mtu ambaye miaka mitano kabla jimbo zima lilimpokea kama mkombozi. Alberts mwenyewe naye alikuwa mchezaji wa zamani wa Nebraska, kwa hiyo ni mwana wa nyumbani aliyemfukuza mwana wa nyumbani. Kisa hiki kimeelezwa mara nyingi kama hadithi ya shujaa aliyeshindwa ukocha. Mimi naona maelezo hayo ni mepesi mno. Frost alikuwa kocha mzuri kabla ya kwenda Nebraska. Swali ni kwa nini uzuri ule haukuvuka naye mpaka.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu mchezo wenyewe. Futiboli hii ni ile ya mpira wa umbo la yai, siyo soka. Timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu hupewa mengine manne, ikishindwa mpira unakwenda kwa wapinzani. Kuufikisha mpira kwenye eneo la mwisho ni tachidauni, pointi sita. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira na kuamua aurushe, akimbie nao au ampe mwenzake. Vyuo vikuu hucheza futiboli yao wenyewe, tofauti na ligi ya kulipwa ya NFL, na katika majimbo mengi ya Marekani mtumishi wa umma anayelipwa zaidi si gavana wala mkuu wa chuo. Ni kocha wa futiboli.

Nebraska ni jimbo la mahindi na ng'ombe, lina watu kama milioni mbili tu, na halina timu hata moja kwenye ligi kuu za kulipwa. Mapenzi yote ya jimbo yameelekezwa kwenye timu moja ya chuo, Cornhuskers, mjini Lincoln. Tiketi za Memorial Stadium zimekuwa zikimalizika kila mechi tangu mwaka 1962. Siku ya mechi, watu waliomo uwanjani ni wengi kuliko wakazi wa mji wowote wa jimbo hilo, ukiondoa Omaha na Lincoln yenyewe. Timu hiyo inahesabu mataji matano ya taifa: 1970, 1971, 1994, 1995 na 1997.

Taji la mwisho ndilo la Frost.

Alizaliwa Lincoln mwaka 1975 na kukulia Wood River, kamji kadogo katikati ya jimbo. Baba yake, Larry, aliichezea Nebraska miaka ya 1960. Mama yake, Carol, alirusha kisahani katika Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968. Wote wawili walikuwa makocha, na wote wawili walimfundisha kijana wao kwenye timu ya shule. Kwa ukoo huo, kila mtu alidhani njia yake imeshachorwa. Kijana akaamua kwenda Stanford, California, kwa kocha Bill Walsh, aliyekuwa ameshatwaa Super Bowl, yaani ubingwa wa NFL, mara tatu na San Francisco 49ers. Nyumbani walinuna. Walsh alipoondoka Stanford, Frost akarudi Nebraska mwaka 1995, akakaa msimu mzima bila kucheza kama kanuni za uhamisho zilivyotaka, na mwaka 1996 akapewa timu iliyokuwa bingwa mara mbili mfululizo.

Septemba mwaka huo Nebraska ilikwenda Arizona State na kufungwa 19-0. Mlolongo wa ushindi wa mechi 26 ukakatika, na lawama zote zikamwangukia yeye. Alizomewa na watu wake mwenyewe, katika uwanja wa kwao. Hili linasahauliwa sana na wanaosimulia kisa hiki kama mapenzi yaliyoharibika mwaka 2022. Mapenzi hayo yalikuwa na kinyongo ndani yake tangu mwanzo. Kilichokifunika ni ushindi.

Na ushindi ulikuja kweli. Mwaka 1997 Frost alipata zaidi ya yadi 1,000 kwa kukimbia na zaidi ya 1,000 kwa kurusha katika msimu mmoja. Tarehe 8 Novemba, ugenini Missouri, Nebraska ilikuwa nyuma 38-31 zikiwa zimebaki sekunde chache. Frost akaurusha mpira kwenye eneo la mwisho, ukamponyoka Shevin Wiggins, naye akiwa anaanguka akaupiga kwa mguu ukarudi hewani. Matt Davison, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, akajitupa na kuudaka kabla haujagusa nyasi. Wakashinda 45-38 katika muda wa nyongeza. Wakamaliza msimu kwa kuifunga Tennessee ya Peyton Manning 42-17 kwenye Orange Bowl, mojawapo ya mechi za heshima za baada ya msimu.

Enzi hizo bingwa alipatikana kwa kura, na Michigan nao hawakuwa wamepoteza mechi. Waandishi wa habari waliichagua Michigan. Makocha walikuwa bado hawajatangaza kura zao, na Frost, jasho likiwa halijakauka, akashika kipaza sauti na kuwaombea wenzake. Aliwauliza makocha: kama ajira yako ingetegemea mechi moja, kati ya Michigan na Nebraska ungependa kukutana na nani? Makocha wakaipa Nebraska kura 32 za nafasi ya kwanza, Michigan 30. Kocha Tom Osborne, aliyekuwa ameshatangaza kustaafu baada ya misimu 25 na ushindi 255, akaondoka akiwa bingwa. Kijana aliyezomewa akawa ndiye aliyemuaga mzee kwa heshima.

Baada ya hapo alicheza NFL miaka michache kama mlinzi wa nyuma, bila makeke, kisha akaanza ukocha kutoka chini: msaidizi Kansas State, halafu Northern Iowa akifundisha ulinzi, halafu mwaka 2009 Oregon akifundisha wapokeaji. Mwaka 2013 akapandishwa kuwa mratibu wa mashambulizi, na mwaka uliofuata kwotabeki wake, Marcus Mariota, akatwaa tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa vyuo. Oregon ilicheza kwa kasi ya ajabu. Wachezaji hawakukusanyika kupanga mchezo, wapinzani wakaishiwa pumzi. Hiyo ndiyo elimu aliyoibeba.

Desemba 2015 Chuo Kikuu cha Central Florida, UCF, kilimwajiri kuwa kocha mkuu. Msimu ule UCF ilikuwa imecheza mechi 12 na kufungwa zote 12. Mwaka wake wa kwanza alimaliza kwa ushindi 6 na kufungwa 7. Mwaka wa pili, 2017, hakufungwa hata mechi moja kati ya 13, na hakuna timu nchini iliyofunga pointi nyingi kwa wastani kuliko yake. Mechi ya mwisho waliwapiga Auburn 34-27, na Auburn hao hao walikuwa wameshazifunga Alabama na Georgia, timu mbili zilizokwenda kucheza fainali ya taifa. UCF haikuingizwa kwenye nne bora, timu zilizochaguliwa kushindania ubingwa wa taifa. Ikajitangazia ubingwa yenyewe, ikalipa makocha bonasi na kufanya gwaride Disney World. Baadhi waliwacheka. Mimi nilidhani wana hoja.

Lakini hapa ndipo ningesimama kidogo kama ningekuwa naajiri. Timu iliyofungwa 12 kwa 12 inaonekana kama imetolewa kaburini, ila UCF haikuwa maiti. Miaka miwili kabla ya balaa lile, mwisho wa msimu wa 2013, ilikuwa imeifunga Baylor 52-42 kwenye Fiesta Bowl. Iko Orlando, na Florida ni shamba la wachezaji wenye mbio. Kocha huko hahitaji kupanda ndege kuwatafuta. Ligi yao haikuwa na mibabe. Frost alifanya kazi nzuri sana, hilo sibishi, lakini aliifanya mahali ambapo udongo ulikuwa na rutuba na yeye ana mbegu inayofaa udongo huo. Na aliifanya kwa misimu miwili tu.

Nebraska hawakuyauliza hayo, au waliyauliza wakajijibu wanavyotaka. Tangu mwaka 2003 walipomfukuza Frank Solich, kocha aliyekuwa ametoka kushinda mechi 9, walikuwa wakijaribu huyu na yule: Bill Callahan, Bo Pelini, Mike Riley. Mwaka 2011 walihama ligi ya Big 12, yenye vyuo vya Texas, kwenda ligi ya Big Ten; fedha ziliongezeka, lakini njia yao ya zamani ya kuvuna vijana wa Texas ikaota nyasi. Kufikia 2017 walikuwa wamechoka na wageni. Mwana wa nyumbani, mwanafunzi wa Osborne, hajafungwa msimu mzima, yuko sokoni. Mcheza kwao hutunzwa. Tarehe 2 Desemba 2017, siku ile ile UCF ilipoishinda Memphis 62-55 na kutwaa taji la ligi yake, Nebraska ikamtangaza: miaka saba, dola milioni 35. Akaja na karibu benchi lake lote la UCF.

Nitasema wazi kwamba siku ile uamuzi ulikuwa wa busara. Sikuona mchambuzi wa maana aliyeupinga. Tatizo lilikuwa namna ulivyofanywa, kwa furaha ya harusi. Mwajiri anapoona ameletewa mwanawe aliyepotea hadai masharti, hakagui benchi la wasaidizi, wala hampangii mkubwa wa kumwambia hapana.

Mechi ya kwanza haikuchezwa. Radi iliifuta ikiwa imeshaanza. Kisha wakafungwa sita mfululizo, mwanzo mbaya kuliko wowote katika historia ya timu hiyo. Msimu wa 2018 uliisha kwa ushindi 4 na kufungwa 8. Mwaka 2019 ukaisha 5-7. Na kabla haujaisha, mwezi Novemba, timu ikiwa na ushindi 4 na kufungwa 5, mkurugenzi wa michezo wa wakati huo, Bill Moos, akamwongezea Frost mkataba wa miaka miwili hadi 2026. Someni tena sentensi hiyo. Kocha mwenye jumla ya ushindi 8 katika mechi 21 anaongezewa miaka. Kwangu mimi ule ndio wakati kazi ilipoharibika, si Septemba 2022. Frost aliambiwa kwa maandishi kwamba matokeo hayana uzito.

Mwaka wa korona, 2020, walishinda 3 na kufungwa 5. Ukaja 2021, msimu ambao naamini utakuwa ukifundishwa kwa makocha miaka mingi ijayo. Nebraska ilishinda mechi 3, ikafungwa 9, na hizo 9 zote ilifungwa kwa pointi 9 au pungufu. Ukijumlisha pointi za msimu mzima, Nebraska ilifunga nyingi kuliko ilizofungwa. Timu inayowazidi wapinzani kwa jumla ya pointi na bado inapoteza mechi tatu kati ya kila nne!

Tazama mechi ya Michigan State, Septemba mwaka huo. Nebraska inaongoza 20-13, zimebaki dakika zisizofika nne. Ulinzi wake umewabana wenyeji kipindi chote cha pili, hawajapata hata mara moja zile yadi 10 za kuwapa majaribio mapya. Kilichobaki ni kuupiga mpira kwa mguu mbali na lango na kuuacha ulinzi umalize kazi. Mpango ni mpira uende kulia, na wachezaji wote wa Nebraska wanakimbilia kulia. Mpigaji anaupiga kushoto. Jayden Reed anaudaka, anainua macho, mbele yake hakuna mtu. Anakimbia yadi 62 bila kuguswa. Sare, muda wa nyongeza, Nebraska inafungwa 23-20.

Mikwaju ya aina hiyo, na wale wanaoingia uwanjani wakati mpira unapopigwa kwa mguu, ni idara kamili katika futiboli. Timu nyingi kubwa zina kocha wake maalumu. Frost kwa muda hakuwa naye. Nafasi za makocha rasmi alizitumia kwingine, akawa na mchambuzi wa kusaidia. Kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, zilimkataza mchambuzi kufundisha wachezaji uwanjani. Akafundisha. Chuo na Frost mwenyewe baadaye wakaadhibiwa. Kwa hiyo Nebraska ilivunja kanuni kuhusu idara ile ile iliyokuwa ikiipotezea mechi, na bado mechi zikapotea. Kocha maalumu wa mikwaju, Bill Busch, alipewa kazi hiyo kwa ajili ya msimu wa 2022, mwaka wa tano.

Watetezi wa Frost husema ni bahati mbaya. Kwa ujumla wa kipindi chake, mechi zilizoamuliwa kwa pointi 8 au pungufu, yaani tofauti inayozibika kwa tachidauni moja na nyongeza yake, alishinda 5 akafungwa 22. Rusha sarafu mara 27: uwezekano wa kupata kichwa mara 5 au pungufu haufiki mara moja katika elfu. Bahati mbaya ya namna hiyo ina mwenyewe.

Hata hivyo siwezi kumtwisha mzigo wote. Matt Rhule alipomrithi, msimu wake wa kwanza, 2023, Nebraska ilipoteza mechi tano kwa tofauti ya namna hiyo hiyo, tatu kati ya hizo 13-10. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa kwenye ukuta wa nyumba pia: timu isiyo na kwotabeki anayetunza mpira, wachezaji waliozoea kungoja kitu kiharibike. Frost hakuuanzisha wote. Ila aliajiriwa autibu, na kila mwaka alipomaliza matangazo ya matumaini, mgonjwa alikuwa vile vile.

Novemba 2021 Alberts alimpa nafasi ya mwisho kwa masharti ambayo yangepaswa kuwapo tangu mwanzo. Mshahara ukashuka kutoka dola milioni 5 hadi 4 kwa mwaka, fidia ikapunguzwa, na wasaidizi wanne wa mashambulizi wakafukuzwa. Kazi ya kuchagua michezo ya kushambulia uwanjani akapewa Mark Whipple. Yaani kocha aliyeajiriwa kwa ufundi wake wa mashambulizi akanyang'anywa mashambulizi.

Msimu wa 2022 ulianzia Dublin, Ireland, dhidi ya Northwestern. Mitambo ya malipo uwanjani iliharibika, bia ikagawiwa bure, na mashabiki wa Nebraska waliovuka bahari kwa maelfu wakaona huenda mkosi umeisha. Robo ya tatu wanaongoza 28-17. Wametoka kufunga tachidauni na wanatakiwa kuupiga mpira mbali kwa wapinzani. Frost akaagiza mkwaju mfupi wa kushtukiza, ule wa kuupiga karibu ili wewe mwenyewe uuwahi. Northwestern wakauwahi, wakafunga, na mechi ikaisha 31-28. Wengi walimwita mjinga. Nadhani neno sahihi ni hofu. Kocha anayeamini kwamba timu yake inaweza kulinda pointi 11 hahitaji kamari katika robo ya tatu, na Frost alikuwa ameshaziona nyingi mno zikimponyoka.

Wiki mbili baadaye wakaja Georgia Southern, chuo kidogo kilichokuja Lincoln kama mgeni wa kupasha misuli. Katika historia yake yote, Nebraska ilikuwa haijawahi kufungwa nyumbani ikiwa imepata pointi 35 au zaidi: mechi 214, ushindi 214. Wageni walisogea yadi 642 na kushinda 45-42. Usiku ukapita, na Jumapili Alberts hakungoja Oktoba. Rekodi ya Frost: ushindi 16, kufungwa 31.

Nebraska ikamchukua Rhule, mtu asiye na undugu wowote na jimbo lile, kwa miaka minane na dola milioni 74. Mwaka 2024 alimaliza 7-6 na kuwapeleka kwenye mechi ya baada ya msimu kwa mara ya kwanza tangu 2016. Frost alipita Los Angeles Rams ya NFL kama mchambuzi, kisha Desemba 2024 UCF wakamrudisha, safari hii wakiwa kwenye Big 12, ligi ngumu kuliko ile aliyoitawala.

Kabla ya msimu wa 2025 aliwaambia waandishi kwamba kwenda Nebraska haikuwa hatua nzuri, kwamba alivutwa kukisaidia chuo alichosoma na hakuwa akitaka hasa. Kule Lincoln kauli hiyo iliwachoma. Wana haki ya kuchomeka, na yeye ana haki ya kusema alivutwa, kwa sababu alivutwa kweli, na kila aliyempenda. Lakini mkataba ule wa dola milioni 35 ulikuwa na sahihi yake, na ule wa nyongeza wa Novemba 2019 pia.